Serikali, Hili Langu Mnalichukua Lini?

Kila mwezi wa Juni, bajeti ikikaribia kusomwa, barazani kwetu Ukunda huzuka mtu na habari mpya ya magari makuukuu. Mwaka jana alikuwa muuza kahawa. Alinimiminia kikombe, akatazama huku na kule kama mtu anayeuza siri ya jeshi, akaninong'oneza: "Mwalimu, umesikia? Serikali itachukua magari yote ya zamani. Wapeleka lako, wapewa pesa za kuongezea ununue jipya." Nikamuuliza kasikia wapi. Kasikia kwa dereva wa tuktuk. Dereva kasikia kwa abiria, abiria kasikia kwenye feri ya Likoni. Na habari za feri twazijua: hupanda ikiwa moja, ikishuka ng'ambo imeshazaa mapacha.

Nilicheka na wenzangu. Usiku sikulala. Wao walikuwa wakicheka habari tu. Mimi gari lenyewe ninalo.

Namba yake inaanza na KAC. Nililinunua mwaka 1999 kwa meneja wa hoteli moja ya Diani aliyekuwa akirudi kwao bara, na siku hiyo lilikuwa jeupe. Sasa rangi yake ni ile ya meno ya mzee mvuta tumbaku. Chumvi ya bahari imelila kuanzia chini, kama mchwa anavyokula kitabu: jalada liko zuri, ukifunua ndani ni unga. Nyuma upande wa kushoto sakafu ilitoboka zamani, nikaizibia kibati cha tangazo la soda. Kibati hicho hakiaminiki, kwa hiyo abiria wa kiti hicho huombwa kwa heshima akae ameinua miguu. Mlango wa upande huohuo nao una elimu yake. Hauvutwi. Waunyanyua kidogo kwa kitasa, wahesabu moja, halafu wausukuma kwa nyonga. Ukoo mzima umeshahitimu isipokuwa mama mkwe wangu, ambaye alisema umri wake si wa kupiga mlango nyonga, na tangu hapo hukaa mbele.

Nimefundisha historia miaka thelathini na mbili. Siwezi kusikia uvumi bila kuuliza ni mwaka gani. Nikachimba, na nilichokikuta kilinitia wivu wa kuniumiza tumbo. Jambo hili lipo, na lilifanyika kweli. Lilifanyika mwaka 2009, karibu dunia nzima ya wenye nazo, nami mwaka huo nilikuwa na gari hilihili, nikilisukuma pale Kombani.

Mwaka huo uchumi ulikuwa umeanguka, viwanda vya magari vimejaa magari yasiyo na mnunuzi. Serikali zikaona dawa ni kumlipa mwananchi aue gari lake la zamani, anunue jipya. Ujerumani ikatoa euro 2,500 kwa gari la kuanzia miaka tisa. Uingereza pauni 2,000 kwa gari lililopita miaka kumi, nusu ya serikali, nusu ya mtengenezaji. Japani, hao walioniletea langu, wakatoa yeni 250,000 kwa mwenye gari la miaka kumi na mitatu na zaidi. Marekani ikatoa dola 3,500 au 4,500, ikatenga bilioni moja ikidhani itafika Novemba. Ziliisha kwa muda wa wiki moja hivi. Bunge likaongeza bilioni mbili mbio mbio, na mpaka mwisho wa Agosti magari kama 677,000 yalikuwa yameshapelekwa machinjioni.

Nasema machinjioni kwa sababu Wamarekani hawakuyaegesha tu. Hapo ndipo nilipomfuata fundi wangu, chini ya mkwaju wake, nikamsimulia akiwa chali chini ya matatu ya watu.

"Wanamwaga oili yote," nikamwambia. "Halafu mahali pa oili wanatia dawa, sodiamu silikati, wengine huiita maji ya kioo. Wanaliwasha gari, wanaliacha lingurume. Dawa ikipata moto inakauka, inageuka kama kioo ndani ya beringi. Injini inakaza. Basi, imekufa."

Fundi akatoka taratibu, kichwa, mabega, kisha yeye mzima. "Injini nzima?"

"Nzima. Gari lilikuwa lazima lije linaendeshwa."

"Isiyovuja?"

"Pengine haivuji hata tone."

Akachukua kitambaa, akafuta mikono kidole kimoja kimoja. Katika maisha yake huyu bwana ameshusha injini iliyolala kisimani, akaipandisha ikawaka. Alinyamaza mpaka kunguru wa juu ya mti akaona haya akaruka. "Mwalimu," akasema, "hao watu mama zao wako hai?"

Nikadhani msiba umemshika. Nikataka kumpa pole. Kumbe alikuwa akifikiri. "Hebu niambie. Hiyo dawa, ukiiwahi kabla haijakauka, ukaisuuza..."

Hajamaliza hata kuomboleza na ameshauona mwanya! Ndipo nikajua kwa nini mpango huu hautakuja Kwale. Serikali nayo inatujua.

Msidhani lakini kwamba wenzetu walikuwa malaika. Sheria ya Marekani ilikuwa na tundu ambalo gari langu lingepita bila kukunja vioo. Aliyepeleka pikapu ya kunywa mafuta kama ngamia aliweza kupewa dola 3,500 kwa kuchukua pikapu nyingine inayokwenda maili mbili tu zaidi kwa galoni. Maili mbili! Mimi nikizima injini pale mteremkoni nikashuka kwa uzito wa gari, hizo maili mbili nazipata bure na hakuna anayenilipa. Kwenye masharti mengine walikaza. Gari liwe na usajili na bima ya mwaka mzima mfululizo, mtu asije akaokota gofu la jirani akalileta akidai ni la marehemu babu yake. Hapo kwenye bima nilikohoa. Tena lisizidi miaka ishirini na mitano. Maana yake ni kwamba leo hii langu lingekataliwa hata kuuawa.

Habari za Ujerumani nilizipata kwa mwenyewe. Binamu yangu alioa huko, kama vijana wengi wa Diani wa rika lake, akakaa Hamburg miaka mingi akibeba mizigo ghalani. Mwaka huo wa 2009 alikuwa na Opel aliyoinunua euro 400. Sheria ilitaka iwe imeandikwa jina lake mwaka mmoja. Ilikuwa na miaka miwili mikononi mwake. Akaipeleka, akapata zile 2,500, akaongezea akachukua kigari kipya kidogo kama kibweta. Gari la 400 likazaa 2,500, na hakuna aliyeiba. Nilipomuuliza ile Opel walimwagia dawa gani, akacheka. Wajerumani walikuwa wakitegemea karatasi ya mwenye yadi ya vyuma kuthibitisha kwamba gari limevunjwa. Mwaka huohuo chama cha wapelelezi wa huko kikasema huenda magari kufikia 50,000 yaliyolipiwa mazishi yalipakiwa melini, yakaja kuishi Afrika na Ulaya ya Mashariki. Serikali imelipa sanda, maiti yuko Cotonou anapiga honi.

"Na mbona hayakuja huku?" nikamuuliza, maana wivu ni wivu.

"Usukani, kaka. Uko kushoto."

Basi hata maiti za Ulaya zinatubagua.

Kwetu sisi 2009 haikupita patupu. Tulikuwa na mpango wetu wa kubadilishana magari, ila ulikuwa wa mawaziri. Wakati ule wa serikali ya mseto tulikuwa na mawaziri 40, ukiacha wasaidizi wao, na kila mmoja alikuwa na gari ambalo likipita Likoni feri inainama. Waziri wa Fedha, Uhuru Kenyatta, akasimama Juni na bajeti yake akasema basi: kila mkubwa abaki na gari moja, injini isizidi sisi 1,800. Mwisho wa mwaka zikaletwa Volkswagen Passat, kama 120 hivi za kuanzia. Leta Mercedes yako, chukua Passat yako. Angalia uzuri wa mpango: hao ndio watu pekee nchini walioahidiwa gari jipya kwa kurudisha la zamani, na la zamani lenyewe halikuwa lao.

Na bado walinuna. Magazeti ya wakati huo yalijaa habari za wakubwa wasioziona Passat vizuri. Ni ndogo, haziendani na cheo, hazitafika mashambani. Hili la mashambani mimi nalikubali nusu. Barabara ya Kinango enzi hizo ilikuwa ikimvunja hata punda. Lakini wako walioripotiwa kuchukua Passat kwa mkono wa kulia na kuisahau Mercedes kwa mkono wa kushoto. Hebu fikiria: unakwenda dukani na chupa tupu ya soda, unachukua iliyojaa, na ile tupu unarudi nayo nyumbani. Mwenye duka letu angekukamata kabla hujashuka ngazi.

Yule binamu wa Hamburg alirudi nyumbani kabisa miaka michache iliyopita, na hapo ndipo madalali walipotugundua. Ipo ruhusa ya kweli kisheria. Mkenya aliyeishi nje akirudi kukaa anaweza kuingiza gari lake moja bila ushuru, ikiwa alilimiliki na kulitumia kule angalau mwaka mzima. Na kama alikuwa nchi ya usukani wa kushoto, auze lile, alete la usukani wa kulia lenye thamani ileile, lisilozidi miaka minane. Kwa kweli sheria hii ina huruma. Ila maneno "thamani ileile" huandikwa kwenye karatasi, na karatasi haijawahi kupelekwa kwenye mizani.

Dalali alikuja siku ya tatu, binamu hajamaliza hata kugawa chokoleti. Kiatu kimechongoka, simu tatu. "Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mzee wa Ujerumani." Akakaa, akakubali chai, akaanza. Kile kibweta cha Hamburg, kwa nini kiitwe kibweta? Risiti ni maandishi. Kinaweza kuitwa kitu kikubwa zaidi. Halafu "thamani ileile" yake ikaja Mombasa ikiwa Prado, nyeusi, vioo vya giza. Mzee wa Ujerumani ataitembelea mjini mwezi mmoja kwa picha, kisha mwenye pesa zake ataichukua, na bahasha itapita hapa kibarazani. Madai haya ya watu kutumia jina la aliyetoka ng'ambo, au la mlemavu mwenye msamaha wake wa ushuru, tumeyasikia miaka nenda miaka rudi, na ukiona magari mengine barabara ya Diani unabaki kujiuliza mwenyewe yupi na jina lipi.

Binamu yangu amekaa na Wajerumani mno. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hapana, akauza kigari chake, akaagiza cha bei ileile kwa senti: kigari chekundu cha milango mitano, buti lake likiingia gunia moja la nazi gari linafunga breki lenyewe.

Ukoo haujamsamehe. Shangazi zetu walikuwa wameshashona sare za kumpokelea Prado. Mjomba mmoja wa Msambweni alikizunguka kile kigari mara mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Miaka ishirini Ulaya." Hakuongeza neno. Mtu mwaminifu amekuwa mfano mbaya kwa watoto.

Hiyo miaka minane nayo nina neno nayo. Shirika la Viwango lina kanuni yake, KS 1515, na kila Januari mstari unasogea: ilipofika 2025, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 likawa halina ruhusa kushuka bandarini Mombasa. Uganda wao waliweka miaka kumi na mitano mwaka 2018. Kanuni nzuri, inatukinga na makapi ya watu. Lakini ni kanuni ya mlangoni. Gari likishapita lango la bandari likiwa na miaka saba na miezi kumi na mmoja, hakuna anayeliuliza tena umri. Laweza kuishi mpaka wajukuu wasahau lilikuwa na rangi gani. Langu ni shahidi. Na sisi wa Kwale tuna mlango mwingine, wa Lunga Lunga. Tanzania haikatazi gari zee, hulitoza tu ushuru wa uchakavu, basi ukikaa pale mpakani na madafu yako utayaona magari ya namba za T yanakuja kutembea, mengine yamezeeka kuliko dereva, na mengine, nashuku mimi, kutembea kwao hakuna safari ya kurudi.

Hata kwa pikipiki ni hayohayo. Septemba 2023 Rais Ruto alikuja Mombasa kuzindua pikipiki za umeme, na mpwa wangu mwenye bodaboda akapata yake baadaye kwa mkopo. Haina moshi, haina kelele, na betri si yake, anabadilisha kituoni kama mtungi wa gesi. Diani ikapumua. Na ile ya petroli, mpwa wangu, uliipeleka wapi? "Nilimuuzia rafiki yangu wa Vanga, mjomba." Moshi umehama kata.

Serikali nayo si kwamba haikunifikiria kabisa. Mwaka 2024, kwenye ule Mswada wa Fedha uliowatoa vijana barabarani, kulikuwa na kodi ya magari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isizidi shilingi 100,000 na isipungue 5,000. Nikakaa na kalamu. Langu, nikilipaka mafuta na kulitazama jioni, lafika shilingi 40,000. Asilimia 2.5 ni elfu moja. Lakini kwa kuwa chini ya elfu tano hakushukiki, ningelipa tano. Kwa miaka minane ningekuwa nimeinunulia serikali gari langu lote, na kulisukuma bado ni juu yangu. Kodi ile ilitolewa, na mswada wote ukaangushwa mwezi huohuo wa Juni. Muuza kahawa alisherehekea kwa kumwaga kashata bure, na gari hana.

Mama watoto ndiye aliyekata shauri kwamba gari liondoke. Alikuwa ameshalisema hilo Januari 2022, nami siku hiyo nikamwita mtu wa vyuma chakavu. Akaahidi kuja Ijumaa. Alhamisi, tarehe 20, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya watu waliokuwa wakifungua minara ya stima kama wanaochuma mbaazi. Ilifunguliwa tena Mei. Kati ya hapo gari lilikuwa limepata moyo, likawaka asubuhi tatu mfululizo, nikaghairi.

Safari hii sikughairi. Mtu wa vyuma alikuja na vijana wawili na mtungi wa gesi ya kukatia. Hakuleta mizani, alipima kwa jicho. Akabonyeza tumbo la gari kwa kidole, kidole kikaingia. "Mzee, kutu si chuma," akasema. "Kutu siwezi kukununulia." Tukatoka elfu thelathini, tukashuka hatua kwa hatua kama watu wanaoteremka kisimani, tukagota kwenye kumi na nane. Nilivua namba zangu za KAC nikazitia chini ya kitanda. Akaniapia kwamba litakatwa vipande na kuyeyushwa kabla ya Jumapili. Hata risiti akanipa, karatasi ya daftari, ina sahihi. Mama watoto akamwagia maji pale lilipokuwa limesimama, mwezi wa pili akapanda mchicha.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na harusi Milalani. Nikashuka Msambweni, nikatafuta cha kuingia nacho ndani, nikakuta michomoko imepangana, zile saluni za kubeba watu tisa zikiitwa za binafsi. Ya kwanza kwenye foleni ilikuwa ya buluu mbele. Nyuma ilikuwa na rangi ya meno ya tumbaku.

Kinamama wawili walikuwa wanahangaika na mlango wa kushoto. Wanavuta, wanapiga, dereva anapayuka kutoka ndani kwamba wazungukie upande wa pili, huo haufunguki tangu alinunue. Nikawaomba wasogee. Nikanyanyua kitasa kidogo, nikahesabu moja, nikasukuma kwa nyonga.

Dereva akageuka mzima mzima. "Mzee, umejulia wapi? Mimi mwenyewe mwezi wa pili huu sijauweza."

Sikumjibu. Niliingia nikakaa, kinamama wakanibana, nikawekewa magotini mtoto ambaye si wangu. Nikatazama chini. Kibati cha soda kilikuwa palepale.

Nikainua miguu.